Miaka Mitatu ya Kujifunza Kusimama

Ninaandika haya kwa ajili ya wazee wenzangu na watoto wanaowatunza, kwa sababu mimi nilipoanza kuishiwa nguvu sikupata mtu wa kuniambia mambo yangekwendaje. Sina elimu ya udaktari. Nilikuwa bwana shamba wilayani Kibondo hadi nilipostaafu, na kazi hiyo ilikuwa ya miguu na baiskeli: wiki hii niko Mabamba naangalia mihogo iliyopigwa na ugonjwa wa batobato, wiki ijayo niko upande wa pili wa wilaya nawaeleza watu nafasi za kupandia maharage. Nimeandika taarifa nyingi maishani. Hii nayo mtaiona ina sura ya taarifa, mniwie radhi.

Jina langu ni Gervas. Mke wangu ni Editha. Tuna watoto wawili walio hai: Renatha, mwalimu anayeishi Kasulu, na mdogo wake Deo, fundi uashi, ambaye nyumba yake iko mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu, hapa Kibondo.

Ugonjwa wangu haukuwa na jina moja. Presha nilikuwa nayo tangu nikiwa kazini. Sukari ilinifuata nilipostaafu. Macho yalianza ukungu, nyayo zikaanza kuwaka moto. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoniangusha peke yake. Kilichotokea ni kwamba nilikuwa napungua pande zote kwa pamoja, polepole, na kila mtu akaona ni kawaida, mimi nikiwa wa kwanza.

Niligundua kiangazi cha mwaka 2012, tukienda misa. Njia ya kanisani ina mwinuko mdogo ambao nilikuwa naupanda huku nikiongea. Jumapili hiyo watu walianza kunipita. Kwanza vijana, hilo halikunishangaza. Kisha wakanipita akina mama wenye watoto mgongoni. Kisha akanipita mzee mmoja aliyenizidi umri, anayevuta mguu, akanisalimia, "Mwakeye, bwana shamba," akaendelea zake. Nilisimama nikajifanya natazama shamba la mtu.

"Umechoka?" Editha akaniuliza.

"Natazama mahindi."

"Mahindi yalishavunwa, Baba Renatha."

Baada ya hapo nikaanza kuona mengine. Saa ya mkononi ilikuwa inateleza hadi kwenye kiwiko. Shati za kazini zilinipwaya mabegani. Kifuniko cha chupa ya mafuta ya kula nilishindwa kukifungua, nikampa Editha akakifungua bila hata kukiangalia.

Siku niliyoanguka mara ya kwanza alikuwa amekuja mgeni. Nilikuwa nimekaa, nikainuka haraka kumpa mkono, na sebule yote ikawa nyeusi. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, mgeni amenishika kichwa. Kikombe changu cha chai kilikuwa bado kiko mezani kimejaa, na hilo nalikumbuka kwa sababu nilijiambia, angalau sijamwaga chai.

Basi tukaanza kliniki. Nataka kuzieleza vizuri kwa sababu hapa ndipo tulipopotea.

Kliniki ya sukari ilikuwa Jumanne, hospitalini. Kliniki ya presha ilikuwa Alhamisi, hospitali hiyohiyo, chumba kingine, watumishi wengine. Macho ilinibidi niende Kasulu, kila baada ya miezi kadhaa. Na kwa sababu nyayo ziliwaka, Renatha alinipeleka zahanati moja ya mtu binafsi huko huko Kasulu, nao wakanipa dawa zao. Kila sehemu ilitaka daftari lake. Nilikuwa na madaftari manne, kila moja na picha yake juu ya jalada, na hakuna aliyewahi kufungua la mwenzake. Hata mimi sikufikiri kwamba walipaswa kufungua. Niliona kama idara za serikali: ukienda ya maji huulizi habari za barabara.

Tuliamka alfajiri tuwahi benchi. Anayewahi benchi anawahi faili, na anayewahi faili anaweza kurudi nyumbani kabla ya jua kali. Nililijua benchi lile kuliko kiti changu. Lilikuwa na ubao mmoja uliolegea upande wa mlangoni, na wazoefu tulikaa katikati. Tulikuwa tunaulizana hali, tunapeana habari za waliokuwa wakikaa nasi na sasa hatuwaoni. Editha hakukaa. Yeye alikuwa anapanga foleni ya faili, kisha ya kipimo, kisha ya dawa. Alinirudia kila mara kunifunga sweta.

Ndani ya chumba mazungumzo yalikuwa mafupi. Nilimwambia tabibu kwamba naanguka.

"Una umri gani, mzee?"

"Sabini na moja."

"Ndiyo umri wenyewe," akasema, akaniandikia kidonge kingine.

Simlaumu. Nje alikuwa na watu wanaojaa kibaraza, na kidonge ndicho kilichokuwa ndani ya uwezo wake.

Halafu kulikuwa na suala la chakula. Kliniki ya sukari ilinikataza ugali wa muhogo, ndizi na viazi. Ya presha ikanikataza chumvi na nyama nyekundu. Zahanati ya Kasulu ikasema huenda miguu inawaka kwa ajili ya maharage, niache maharage. Mimi ni Muha. Ukiniondolea muhogo, ndizi na maharage, umenibakishia mchicha na hewa. Editha alitii kila katazo kama amri ya mahakama. Alinipikia mchicha usio na chumvi asubuhi na jioni, nami nikala nusu yake, na shati zikazidi kunipwaya.

Mvua za mwanzo wa mwaka 2013 ndizo zilizonimaliza. Asubuhi moja nilitoka kwenda chooni, uani kukiwa na utelezi, nikaangukia mkono. Nilisikia mfupa ukilia. Walinifunga plasta tangu kwenye vidole hadi karibu na kiwiko, mkono wa kulia, na kwa wiki sita sikuweza kufunga kifungo, kushika kijiko, wala kujisafisha.

Editha akaniogesha. Tulikuwa tumeoana zaidi ya miaka arobaini, lakini hakuwa amewahi kuniogesha. Alinikalisha kwenye stuli, akamwaga maji ya vuguvugu kwa kopo, akanisugua mgongo kwa kitambaa, na wote wawili tulitazama ukuta. Siku ya tatu mkojo ulinitoka nikiwa bado nimevaa, kwa sababu sikuwahi. Nilisema samahani. Akasema, "Inua mguu." Nimesikia watu wakisifu maneno ya faraja, na ni mazuri, lakini siku ile neno lililonifaa lilikuwa hilo la kuinua mguu.

Plasta ilitolewa, mfupa ukawa umeunga, lakini mimi sikuinuka tena. Ilikuwa hofu. Nilihesabu kila safari: kutoka kitini hadi mlangoni, mlangoni hadi uani. Nikaona heri nikae. Nikikaa, miguu inazidi kulegea. Ikilegea, nazidi kuogopa. Kiangazi chote cha 2013 nilikaa kwenye kiti cha sebuleni nikiangalia barabara. Nilianza kuchanganya siku. Nilimwita Deo kwa jina la marehemu kaka yake, akaitika, na baadaye nikamsikia nje ya dirisha akimwambia mama yake, "Baba anatuacha huku tunamwona."

Watoto wakaanza kugombana. Renatha alitaka tuhamie kwake Kasulu, kuna hospitali, kuna bodaboda hadi mlangoni. Deo akasema nyumba ya dada yake ni vyumba viwili vya kupanga, na mzee aliyezoea uwanja atakufa kwa kuangalia ukuta wa jirani.

"Wewe uko hapo karibu na bado baba anaanguka," Renatha alimwambia kwenye simu, sauti ikatoka hadi nilipokaa.

"Njoo basi umshike wewe!" Deo akajibu, akakata.

Hawakuongea kwa miezi miwili. Katika ugomvi wote huo hakuna aliyeniuliza mimi, na hakuna aliyemuuliza Editha.

Mwaka 2014, mvua zilipokatika, mtendaji wa kijiji alikuja na wageni wanne. Alituambia ni watafiti, wanafanya utafiti juu ya wazee walioishiwa nguvu na namna ya kuwahudumia kwa pamoja badala ya vipande vipande. Kulikuwa na daktari, mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Kulikuwa na muuguzi. Kulikuwa na Zuhura, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwenyeji wa Kasulu mjini. Na kulikuwa na Bwana Kasian, afisa ustawi wa jamii.

Editha hakuwapenda. Aliwapa viti, akabaki amesimama.

"Watafiti tumeshawaona," alisema. "Wanaandika, wanaondoka, na sisi tunabaki na mtu wetu."

Daktari hakukasirika. "Ni kweli, mama. Na sisi ipo siku tutaondoka. Ndiyo maana tutafanya kazi na wahudumu wenu wa hapa, ili kitakachofaa wabaki nacho. Mkikataa, kliniki zenu zitaendelea kama kawaida, hakuna atakayewachukia."

Walinisomea karatasi ya ridhaa yote, neno kwa neno. Niliisaini kwa mkono uliounga, saini ikatoka kama ya mtoto wa darasa la pili.

Kisha Zuhura akanitaka niinuke kitini bila kushika chochote. Nilijaribu mara tatu. Mara zote makalio yalipanda kidogo yakarudi. Sikuwa nimejua. Nilikuwa nadhani siinuki kwa sababu naogopa. Sikujua kwamba hata nisingeogopa nisingeweza. Nilitazama chini. Zuhura akaandika, akachuchumaa mbele yangu.

"Babu, tukifanya kazi pamoja, unataka uweze kufanya nini?"

Nilidhani anataka jibu la sukari au presha. Nikamwambia sukari ishuke.

"Hiyo ya daktari. Yako wewe?"

Nikageuka kuuangalia mlango wa uani. Hatimaye nikasema nataka kwenda chooni peke yangu. Nililisema kwa sauti ndogo mbele ya watu wanne nisiowajua. Zuhura aliliandika kama lilivyo, juu kabisa ya karatasi, na daktari akalisoma akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba nimetaja jambo la maana sana.

Muuguzi akaomba dawa zote. Editha alileta mfuko, akataka kuzitaja moja moja. Muuguzi akasema hapana, tuzimwage. Tukatandika mkeka, tukazimwaga. Sikuwahi kuziona zote kwa pamoja. Zilitandaa kama mbegu zinazoanikwa. Daktari alipiga magoti akaanza kuzipanga kwa mafungu, akifungua madaftari manne yote mbele yake, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza madaftari yale kulala pamoja yakiwa wazi.

"Mzee, hiki unakunywa?"

"Asubuhi."

"Na hiki?"

"Hicho pia asubuhi. Hicho ni cha Kasulu."

"Ni dawa ileile ya presha," akasema. "Majina mawili, viwanda viwili. Na hiki cha tatu kinashusha presha pia. Ukiinuka, damu haifiki kichwani kwa wakati. Ndiyo giza lako hilo."

Kulikuwa pia na vidonge vya njano vya muwasho, nilivyovizoea kwa sababu vinaleta usingizi. Alisema vinaweza kumchanganya mzee akasahau hata majina. Nilimfikiria Deo nje ya dirisha.

Vingine alivipunguza, vingine akavisimamisha, baada ya kupiga simu kwa tabibu wa kliniki ili wakubaliane. Na juu ya chakula alisema nile maharage, nile mayai, ugali kidogo pamoja na dagaa. Editha aliuliza mara mbili kuhusu maharage. Alipohakikishiwa alikaa chini, kwa mara ya kwanza tangu wageni waingie.

Hapo ndipo Bwana Kasian alipomgeukia. "Na wewe, mama, hali yako?"

"Mimi mzima."

"Una daftari la kliniki?"

"Lipo."

"Tunaweza kuliona?"

Editha alisema hajui alipoliweka. Mimi nilijua ni uongo, kwa sababu mke wangu anajua ilipo kila sindano ndani ya nyumba ile. Muuguzi akamwomba mkono ampime presha tu, si lazima daftari. Alipima. Akapima tena mkono wa pili. Akamwangalia daktari, naye akaja akapima mwenyewe. Walipotazamana tena nikaelewa kwamba mtu mgonjwa zaidi chumbani hakuwa mimi.

Walipoondoka, baada ya kumwachia dawa na maagizo, nilimuuliza.

"Tangu lini hunywi dawa zako za presha?"

"Zilipoisha."

"Ziliisha lini?"

"Ulipovunjika mkono."

Zaidi ya mwaka. Kliniki yake ilikuwa kituo cha afya karibu na nyumbani, Jumanne. Kliniki yangu ya sukari ilikuwa hospitalini, Jumanne. Aliwahi kwenda Jumatano, akaambiwa siku yake ni Jumanne. Akarudi, akaliweka daftari chini ya godoro.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ufanye nini?" akasema. "Ungeinuka?"

Nilikasirika nikashindwa kula maharage niliyoyatamani mwaka mzima. Niliwakasirikia watumishi, nikamkasirikia yeye, na mwisho nikajua kwamba mtu ninayemkasirikia ni yule aliyekaa kitini akifungwa sweta bila kuuliza aliyemfunga amelala vipi.

Wiki iliyofuata Bwana Kasian aliwaita watoto wote wawili. Renatha alikuja na basi la asubuhi kutoka Kasulu. Walikaa mbali, yeye na Deo, kila mmoja pembe yake. Kasian hakuwauliza nani ana kosa. Alitaka tu kila mmoja aseme anachoweza kufanya, si anachotaka mwenzake afanye. Ilichukua muda. Deo alisema hawezi kumwogesha baba yake, anaona aibu, lakini anaweza kujenga. Renatha alisema hawezi kuhama, lakini likizo zake anaweza kumpumzisha mama.

Deo alijenga. Alitoa kizingiti cha mlango wa nyuma, akasakafia njia ya uani kwa zege lenye mikwaruzo miguu isiteleze, akachimbia bomba la chuma pande mbili za choo la kushika. Alifanya kazi siku nne bila maneno mengi. Siku ya nne akanishika mkono akanipeleka kulijaribu bomba. "Vuta, baba. Vuta kwa nguvu, halitoki." Nikavuta. Lilikuwa imara.

Zuhura alikuja kila wiki, na baadaye akamfundisha mhudumu wa afya wa kijijini aendelee. Mazoezi yenyewe yangewachekesha. Kuinuka kitini na kukaa, mara tano, nikishika meza. Kusimama kwa vidole vya miguu. Kubeba chupa mbili za maji. Mwezi wa kwanza nililia kwa maumivu ya mapaja. Mwezi wa pili niliinuka mara moja bila kushika. Giza la kichwani lilikuwa limekwisha tangu dawa zilipopungua. Na asubuhi moja ya kiangazi nilikwenda chooni peke yangu, nikarudi, nikakaa. Editha alikuwa anapepeta maharage, aliniona nikienda na aliniona nikirudi. Akaendelea kupepeta.

Ningependa kumalizia hapo, lakini haikwenda hivyo.

Shule zilipofungwa, Renatha alimchukua mama yake Kasulu akapumzike wiki tatu. Mimi nilibaki, mke wa Deo akinipikia. Wiki ya pili, asubuhi, simu ililia.

"Baba, mama ameangusha kikombe," Renatha alisema. "Hashiki. Mdomo umekwenda upande."

Ilikuwa kiharusi. Presha ilikuwa imeanza kushuka kwa dawa, lakini mwaka ule wa kukosa dawa ulikuwa umeshafanya kazi yake. Daktari alinieleza baadaye kwamba bila zile wiki za dawa huenda ingekuwa mbaya zaidi. Naliamini, kwa kuwa nalihitaji.

Deo alisema niache, aende yeye. Barabara ya Kasulu wakati ule ilikuwa vumbi na mashimo, safari ya nusu siku. Nilimwambia miguu hii imefanyishwa mazoezi tangu mvua zilipokatika, sasa itafanya kazi. Nilipanda basi kwa ngazi zake tatu, Deo nyuma yangu mikono wazi kama anayesubiri mpira. Pale hospitali wodi ya wanawake ilikuwa mwisho wa kibaraza kirefu. Nilikipita nikiwa nimeshika ukuta, nikipumzika kila mlango.

Editha alikuwa amelala ubavu. Uso ulikuwa wake upande mmoja tu. Wauguzi waliniambia hasemi kitu kinachoeleweka, labda akili imeguswa. Nikainama. Alikuwa anasema, kwa sauti ndogo ambayo hata Renatha hakuwa ameishika. Kiswahili kilikuwa kimemtoka chote, akabaki na Kiha, tena kizito kwa mdomo ule, na muuguzi wa zamu alikuwa mtu wa mbali.

"Amazi," alisema. "Amazi."

"Anataka maji," nikamwambia muuguzi. "Anaomba maji tangu lini?"

Muuguzi alishika mdomo. Alileta maji mwenyewe, na kuanzia hapo akaandika maneno kadhaa ya Kiha kwenye kipande cha plasta akakibandika ukutani juu ya kitanda.

Nilikaa Kasulu hadi aliporuhusiwa. Zuhura alikuja wodini siku ya nne, baada ya Renatha kumpigia. Alinionyesha namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumvuta bega lililolegea, namna ya kumkalisha, namna ya kumlisha akiwa wima asipaliwe. Niliyafanya yote. Renatha alisimama mlangoni akinitazama nikimfunga mama yake kanga.

"Baba, ulikuwa huwezi kushika kijiko," akasema.

"Nilikuwa."

Tulirudi Kibondo mvua zikianza. Ile njia ya zege ambayo Deo alinijengea mimi ikawa ya mama yake. Nilimwogesha. Alichukia. Alikuwa mgonjwa mkali kuliko mimi, alisukuma mkono wangu kwa ule wake mzima, akakataa mazoezi, akageukia ukuta siku nzima. Kuna siku nilimfokea. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua kidogo, kisha nikarudi nikamwambia samahani, naye akasema, kwa Kiswahili kilichokuwa kinaanza kurudi, "Funga mlango, unaingiza baridi."

Mwaka 2015 haukuwa mwepesi. Watu wa Burundi walipoanza kuvuka tena, malori yalijaa barabarani na baadhi ya wauguzi tuliowazoea walihitajika kwenye kambi za wakimbizi. Mara mbili tulikwenda kliniki tukakuta mgeni asiyetujua. Lakini jambo moja lilibaki: kituo cha afya kilikubali kutuona wazee wenye magonjwa zaidi ya moja siku moja, Jumatano, na daftari moja. Tunakwenda pamoja, mimi na Editha. Anapimwa yeye, napimwa mimi, dawa zinaandikwa kila mmoja ukurasa wake, katika daftari lilelile la familia. Foleni bado ni ndefu. Benchi ni jingine.

Ukiwa na mzee nyumbani, mwulize kwanza anataka aweze kufanya nini. Mwaga dawa zake zote mkekani, mpeleke nazo kwa mtaalamu mmoja azione pamoja. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Usimwache akae kwa sababu anaogopa. Na mpime anayemtunza. Hata akikuambia ni mzima, mpime.

Watafiti walikuja mara ya mwisho mwishoni mwa mwaka huo. Zuhura alinipima kuinuka kitini: mara tano, bila kushika, polepole. Editha aliinuka mara mbili kwa kushika meza, akatukatalia mara ya tatu akisema zinatosha. Mkono wake wa kulia bado ni mzito, na akichoka maneno yanaburuta. Bwana Kasian alikuwa na fomu ya kufungia kazi, anauliza nasi tunajibu.

"Jina la mgonjwa?"

Nikataja langu.

"Jina la mtunzaji?"

Nilimwangalia Editha, naye alikuwa akitazama fomu, amekunja uso kama anayekagua hesabu ya mtoto.

"Mwaka juzi alikuwa yeye mgonjwa," alisema polepole. "Mwaka jana mimi. Leo asubuhi yeye alinifunga kanga, mimi nikamsomea dawa zake kwa kuwa haoni vizuri. Kesho sijui."

"Sasa mama, niandike nani?" Kasian akauliza, kalamu hewani.

Editha aliisukuma ile kalamu pembeni.

"Andika kwa penseli," akasema.